Zipu Kwanza, Alfabeti Baadaye: Kumwandaa Mtoto wa Nairobi kwa PP1

Nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, katika shule ya umma huku Eastlands, na kila Januari wazazi huniletea mtoto pamoja na sifa zake. "Ticha, huyu anahesabu hadi mia moja." "Ticha, wangu anajua alfabeti yote, hata majina ya matatu anayasoma." Nafurahi, nawashukuru. Kisha saa nne inafika, wenzake wanakunywa uji, na yule wa mia moja ameikumbatia chupa yake akilia kwa sababu kifuniko kimemshinda. Jirani yake amejikojolea. Choo alikiona, njia aliijua, ila mshipi wa suruali ulikataa kufunguka na aliona haya kuniita.

Kwa hivyo hapa hutapata alfabeti. Hiyo ni kazi yangu, na mshahara wake napokea. Ninachomwomba mzazi ni mtoto anayeweza kwenda choo, kula, kuvaa na kusema anachotaka, na anayeweza kuachwa langoni akiamini kwamba atachukuliwa. Akija na hayo, herufi zitaingia zenyewe. Akija bila hayo, nusu ya muhula wa kwanza inaishia kwenye vifungo na machozi, yake na ya wenzake.

PP1 ni ya mtoto wa miaka 4, PP2 ni ya miaka 5, na Gredi ya 1 humkuta akiwa na 6. Ndivyo ilivyo katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019. Hata masomo yetu ya chekechea tunayaita shughuli: shughuli za lugha, za hisabati, za mazingira. Mtoto wa umri huo anajifunza kwa kushika na kutenda. Nalisema hili kwa sababu kuna wazazi wanaolipia mtoto wa miaka mitatu masomo ya ziada ili apite "intavyuu" ya kuingia PP1. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpima mtoto kwa mtihani ili imkubali au imkatae. Inaweza kumpima tu ili ijue impange wapi. Shule inayomtaka mtoto aje akisoma, mimi ningeiuliza yenyewe itamfundisha nini.

Ukiweza, anza Agosti. Kama Agosti imekupita, likizo ndefu ya Novemba na Desemba inatosha kwa karibu kila kitu nitakachotaja.

Asubuhi si wakati wa kufundisha

Kinachowanyima watoto wa mji huu kujitegemea ni haraka. Ni saa kumi na mbili asubuhi, chai inachemka, magari yameanza kusongamana Jogoo Road, na mtoto anahangaika na soksi moja. Unamnyang'anya, unamvalisha, mnatoka mbio. Mimi pia ningefanya hivyo. Lakini hayo yakiendelea Jumatatu hadi Ijumaa, mtoto anachojifunza ni kunyoosha mguu na kungoja.

Sikwambii uamke saa kumi. Hamisha somo. Mfundishe kuvaa jioni akitoka kuoga, au Jumamosi wakati nguo zimelowekwa na hakuna anayekimbilia steji. Jioni akivaa fulana ya kulala nyuma mbele, hakuna hasara, atalala nayo hivyo hivyo. Asubuhi mwachie jambo moja tu, lile ambalo tayari analiweza. Wiki hii soksi. Soksi zikizoeleka, ongeza viatu.

Na unapofundisha, anzia mwisho wa kazi, usianzie mwanzo. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alijaribu hata kama mengine yote atayapuuza. Chukua zipu ya jaketi. Sehemu ngumu ni ile ya kwanza, kuuchomeka upande mmoja ndani ya mwingine. Ukimwanzishia hapo atashindwa, atakasirika, na kesho hatataka hata kuiona. Basi uchomeke wewe, uipandishe hadi kifuani, halafu umwachie yeye aivute hadi shingoni. Aliyeimaliza ni yeye. Siku chache baadaye mwachie kuanzia tumboni. Kuchomeka kuje mwisho kabisa, wakati ameshajiona fundi wa zipu. Soksi ni hivyo hivyo: ipitishe wewe kisigino, yeye avute juu, kesho iache kwenye kisigino, keshokutwa kwenye vidole. Vifungo vya shati aanze na cha chini, kwa sababu anakiona vizuri kuliko cha shingoni.

Sweta ya shule, ile ya kuvalia kichwani, ilaze kitandani kifua kikiwa chini, na upindo wa chini umwelekee yeye. Aingize mikono yote miwili, aipeleke mpaka itokee kwenye mikono ya sweta, kisha ainue na kupitisha kichwa. Mara za kwanza kichwa kitakwama. Ngoja. Usivute mpaka aombe.

Viatu: chora samaki kwa kalamu isiyofutika, kichwa ndani ya kiatu kimoja na mkia ndani ya kingine, mahali ambapo viatu vikipangwa sawasawa samaki anakamilika. Mtoto anavipanga sakafuni, anatazama samaki wake, anavaa. Hutasikia tena swali la "huu ni mguu gani?" Kamba zisikunyime usingizi. Wengi huwa tayari kuzifunga wakifika miaka 5 au 6, na kabla ya hapo unayefungishwa kamba mchana kutwa ni mimi. Nunua vya velkro. Ukienda kuvitafuta Gikomba au dukani, nenda na mwenye miguu, avivae na kuvivua mwenyewe mbele yako kabla hujatoa pesa.

Suruali au kaptula iwe ya lastiki kiunoni. Mshipi unapendeza siku ya picha, basi.

Choo

Hapa wazazi hunyamaza kwa aibu, na hapa ndipo watoto wengi huumia. Huku kwetu kuna watoto wa aina mbili. Mmoja amekulia kwenye ploti yenye choo cha pamoja, na mama, kwa kuogopa uchafu au kuogopa ateleze, amemweka kwenye poti hadi miaka minne. Mwingine amekulia kwenye fleti yenye choo cha kukalia, na akiona cha kuchuchumaa anadhani atatumbukia. Wote wawili wakifika shuleni wanabana. Anabana tangu asubuhi hadi saa saba, kisha ajali inatokea akiwa kwenye foleni ya chakula.

Dawa ni kumzoesha choo cha kuchuchumaa kabla ya Januari. Nenda naye kwa jirani, kanisani, msikitini, popote kilipo. Mwonyeshe pa kuweka miguu. Mara ya kwanza mshike mikono yote miwili, mara ya pili mmoja, mara ya tatu simama mlangoni ukiongea naye ili asikie sauti yako. Mfundishe kupanguza, msichana apanguze kutoka mbele kwenda nyuma, maana kinyume chake huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Amwage maji kwa kopo, anawe kwa sabuni. Kama nyumbani hamna bomba, mtungi wenye bomba dogo uliowekwa kwenye kiti kifupi unatosha, mradi aufikie bila kuinuliwa.

Mfundishe pia sentensi moja ya kuniambia: "Mwalimu, naomba kwenda choo." Aiseme kwa sauti, nyumbani, mara nyingi, hata kama mchezo, wewe ukiwa mwalimu. Kila nyumba ina jina lake la siri la haja ndogo na kubwa, na mimi siwezi kuyajua yote. Mtoto akinijia akininong'oneza neno la kwao, nitakapoelewa tutakuwa tumechelewa.

Ajali moja moja kwa mtoto wa miaka 4 ni jambo la kawaida, na kukojoa kitandani usiku pia si ajabu kwa umri huo. Weka begini chupi na kaptula za akiba ndani ya mfuko wa kitambaa (karatasi za plastiki za kubebea zilipigwa marufuku 2017, na bado kuna wanaoniletea nguo ndani ya moja iliyookotwa sijui wapi). Lakini mtoto ambaye alikuwa amekauka kabisa akianza tena kujikojolea mara kwa mara, au akilia kwamba anasikia uchungu akikojoa, mpeleke kliniki. Usimchape wala usimtangaze kwa wageni.

Uji, githeri na kifuniko

Kabla ya kununua chupa ya maji au kikopo cha chakula, mpe mtoto akiwa hapo hapo dukani afungue na kufunga. Kama hawezi, rudisha, hata kama kina picha ya katuni anayoipenda. Nyumbani vijaze na umwache avitumie wiki nzima kabla ya shule, kwa sababu kifuniko kinachofunguka kikiwa kitupu kinaweza kukataa kikiwa na uji wa moto ndani.

Aketi, ale kwa kijiko chake, amalize au aseme ameshiba. Najua kulisha ni haraka na sakafu inabaki safi. Tandika gazeti chini. Mtoto wa miaka minne anayefuatwa na kijiko nyumba nzima huku akitazama simu, kwangu hatakula, kwa sababu sina simu ya kumwonyesha na sina mikono ya kutosha.

Katika shule za umma za Nairobi kuna mpango wa chakula cha mchana, Dishi na County, ulioanza 2023. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa sahani, na mtoto huvaa kikuku mkononi anachokigusisha kwenye mashine kabla ya kupakuliwa. Watoto wanakipenda kikuku kuliko chakula chenyewe. Kinachowashinda ni kubeba sahani iliyojaa kutoka pale hadi wanapoketi. Basi jioni umtume apeleke sahani yake mezani, mikono miwili, macho mbele, ikiwa na ndengu kidogo kwanza. Ikimwagika, mpe kitambaa apanguze. Usimwombee msamaha kwa kila mtu, na usimpanguzie.

Mdomo wake mwenyewe

Wazazi wengi wa Nairobi huwasemea watoto. Nikimuuliza mtoto jina, mama anajibu. Nikimuuliza kama amekunywa chai, baba anajibu. Ndipo naambiwa, "Ticha, huyu ni wa haya sana."

Mahali pazuri pa kumtoa haya ni kwa mama mboga. Nenda naye, lakini kabla hamjafika kubalianeni kwamba leo mnunuzi ni yeye. Mpe hela mkononi. Mkifika, wewe tazama sukuma. Atakutazama, endelea kutazama sukuma. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kama utahitaji.

"Anti, naomba nyanya za ishirini."

"Za ishirini? Na dhania?"

Hapo atakugeukia, kwa kuwa dhania hamkuizungumzia. Mwambie, "Mjibu, ni wewe unanunua." Akisema ndiyo au hapana, amefanya uamuzi mbele ya mtu mzima na dunia haikuanguka. Mtoto aliyefanya hivyo mara kadhaa hatashindwa kuniambia kwamba penseli yake imechukuliwa. Kwenye matatu naye alipe makanga na kusema mnashukia wapi. Kumtuma peke yake ni jambo jingine. Mimi ningemtuma tu kwenye kioski ninachokiona nikiwa mlangoni, bila barabara ya kuvuka.

Kabla ya Januari ajue majina yake yote mawili, si lile la nyumbani tu. Nimewahi kuita jina kwenye rejista asubuhi nzima bila jibu, kumbe mwenyewe yuko mbele yangu anajijua kama Baby. Ajue jina la mzazi kama linavyojulikana na watu, mtaa wenu, na kitu kikubwa kilicho karibu na kwenu. Nambari ya simu igeuzeni wimbo. Wengi huishika kabla ya kufika PP2.

Kuhusu lugha. Kuna mama aliniambia kwa fahari, "Ticha, huyu tunamwongelesha Kizungu tu." Nikamuuliza, na shosho, nyanya yake, akija? "Hao hawaelewani vizuri." Sera ya elimu nchini inataka mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo analoishi, na mjini mara nyingi hiyo ni Kiswahili. Shule nyingi za kibinafsi hufanya vingine, ni hiari yao. Mtoto aliyezoea kueleza jambo kwa urefu, kwa lugha yoyote, atalieleza kwa Kiingereza pia siku ikifika. Yule anayenishinda ni mwenye Kizungu cha maneno kumi na hana lugha nyingine ya kusema tumbo linamuuma. Kama nyumbani mnaongea Kikamba au Kiluo, ongeeni. Kiswahili ataokota nje akicheza.

Na mdomo wa kukataa pia aje nao. Mwambie sehemu zake za siri ni zake, hakuna wa kuzishika isipokuwa anayemwosha au daktari mbele yako, na kwamba mtu akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Anayemzoesha kumsalimu kila mtu mzima kwa kukumbatia kwa lazima anamfundisha kinyume. Nambari 116 ya Childline Kenya ni ya bure, mchana na usiku. Iwe kwenye simu yako.

Zungumza na dada

Unaweza kusoma haya yote, ukaafiki, na yasibadilishe kitu, kwa sababu anayeshinda na mtoto si wewe. Ni dada wa kazi, ni shosho, ni mama anayelea watoto wa ploti nzima kwenye chumba kimoja. Na dada unampima kwa nini? Kwa nyumba safi, mtoto safi, na chakula kilichoisha. Basi anamlisha, anamvalisha, anamfutia, anamwekea katuni, na wewe ukirudi saa mbili usiku unakuta kila kitu kiko sawa.

Kaa naye chini Jumapili, mtoto akiwepo. Mwambie wazi: "Kuanzia wiki hii anavaa mwenyewe. Akichelewa sitakuuliza. Akimwaga uji anapanguza yeye, nawe usimpanguzie." Hiyo ya "sitakuuliza" ndiyo yenye uzito, na lazima uitimize siku utakayokuta sakafu inanata. Ukimfokea siku hiyo, kesho yake amerudia kumlisha kwa kijiko. Muulize pia yeye ameona nini. Mara nyingi dada anajua kwamba mtoto anaweza kuvaa viatu, ila akikusikia tu mlangoni anajifanya hawezi.

Mpe mtoto kazi yake ya kila siku nyumbani, kazi ya kweli inayokosekana asipoifanya: kupanga vijiko, kukunja soksi, kujaza maji kwenye chupa yake. Wavulana pia. Nina wavulana darasani ambao wakimaliza kula wanainuka na kuacha sahani, wanamtazama msichana aliye karibu, na hawakuzaliwa na hilo. Mkienda steji begi alibebe mwenyewe, kwa hiyo lisijazwe vitabu ambavyo sikuvitaka.

Akifanya vizuri, taja alichofanya: "Umepanga vijiko vyote bila kuambiwa." Kumwambia kila saa kwamba yeye ni nambari wani hakumsaidii siku atakayokuwa wa mwisho kwenye mbio za PP1, na lazima mtu awe wa mwisho.

Vidole kabla ya penseli

Mtoto asiyeweza kukamua kitambaa hawezi kushika penseli kwa muda mrefu. Vidole vinataka nguvu kwanza. Mpe donge la unga wa chapati akande, mpe minji amenye, maharagwe achambue, vibanio vya nguo abane kwenye kamba, soksi zake afue na kukamua Jumamosi. Penseli za rangi zivunje vipande vifupi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo vidole vitatu vinajifunza kazi yao bila mhadhara.

Hesabu iko kwenye ngazi za fleti na kwenye chapati mezani. Namba ziko barabarani: 58 ni ya Buruburu, 45 ni ya Githurai, 111 inakwenda Ngong. Kila matatu ikipita aitaje.

Hadithi iwe kila usiku, hata fupi. Kama huna kitabu, paukwa yako inatosha, kisha umuulize ni nini kilichofuata na kwa nini sungura alifanya hivyo. Wanaotaka vitabu bila kununua, sisi wa Eastlands tuna maktaba za kaunti Kaloleni na Makadara, zimekarabatiwa vizuri na watoto wana pembe yao. Na mwache acheze nje na wenzake, brikicho, kalongolongo, blada, hata kama ni kwenye korido ya ploti. Huko ndiko anakojifunza kungoja zamu na kushindwa bila kurusha mawe, na mimi darasani siwezi kuyafundisha hayo vizuri hivyo.

Ya haraka haraka

Cheti cha kuzaliwa kiombe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na utoe nakala. Kitabu cha kliniki kiangalie: chanjo ya surua na rubella ni ya miezi 9 na miezi 18, na wengi huisahau ya pili; vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi sita hadi afikishe miaka 5. Usingizi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na skrini isizidi saa moja. Anayeamshwa saa kumi na moja na nusu lazima awe amelala saa mbili usiku, hata kama baba hajafika. Baba atamwona Jumamosi.

Kama akiitwa hageuki, anasogelea TV mpaka pua iguse, au akiwa na miaka 4 watu wa nje hawaelewi anachosema, usingoje nikuambie mimi. Kituo cha kupima watoto kiko KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani.

Langoni

Kuachana kunafanyiwa mazoezi. Mwache kwa jirani kwa muda mfupi, kisha kwa shosho nusu siku, na kila mara muage. Kutoroka akiwa anatazama katuni kunakuokoa leo na kukugharimu mwezi, kwa sababu kuanzia hapo hatakuacha utoke hata kwenda choo. Mwambie utakaporudi kwa mambo anayoyajua, si kwa saa: "Mtakunywa uji, mtacheza, mtakula, mtalala kidogo, kisha nitakuja." Halafu uje. Ukichelewa siku ya pili ya shule umebomoa kila kitu, kwa hivyo wiki hiyo panga na mtu wa kuaminika, na umtaje mtoto akiwepo: anayekuchukua ni mimi au fulani, hakuna mwingine hata akija na peremende.

Jumamosi moja kabla shule haijafunguliwa tembeeni njia nzima hadi langoni. Mkiruhusiwa kuingia, aone choo kilipo.

Na tafadhali, ile ya "ngoja uende shule, Ticha atakuchapa" iacheni kabisa. Kumchapa mwanafunzi sheria imekataza, na mtoto uliyemtisha nami kwa miezi sita ananijia akitetemeka, nami ndiye ninayepaswa kumfuta machozi.

Siku yenyewe muage langoni, maneno machache, umkabidhi kwangu na uondoke. Kulia atalia. Wengi hunyamaza mzazi akishapotea machoni, na huanza upya mzazi akichungulia. Kuna baba alikuwa akijificha nyuma ya tangi la maji kuangalia kama mwanawe ametulia. Mtoto alikuwa ametulia, mpaka alipoiona kofia.

Akirudi jioni, swali la "umesoma nini?" litakupa jibu la "hakuna". Muulize alikaa na nani, nani alilia, alimwagikiwa na nini. Mpe chakula, mwache alale mapema. Wiki ya kwanza huwachosha hata walio wakubwa.

Ikifika wiki ya tatu na bado analia asubuhi nzima, hataki kula, au ameanza kusema tumbo linauma kila Jumatatu, njoo tuongee. Njoo mchana wenzake wakishaondoka. Saa mbili kasoro asubuhi langoni nina watoto wengine mikononi, na nusu yao wanataka kwenda choo.